Anayefunga Mlango wa Kazi Anadaiwa Mlango Mwingine



Safari hii twaandika juu ya ofisi za ajira, na hasa juu ya yale yanayowapata watafuta kazi pale ofisi hizo zinapofungwa. Twajua wapo watakaouliza: Kasanga ilikuwa na ofisi gani ya ajira, hata tusikitikie kufungwa kwake? Swali hilo ni la haki. Hapa kwetu, kati ya Ziwa Tanganyika na nyanda za juu za Ufipa, kijana anayetafuta kazi haoni kibao cha kumwonyesha pa kubisha hodi. Lakini watu wa pande hizi wamekuwa wakitafuta kazi za mbali kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika miaka hiyo milango ya kupitia imefunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Kila mara mlango ulipofungwa, mzigo uliwaangukia watu wale wale.

Neno letu ni moja, nasi twalisema mapema. Mwenye mamlaka aweza kuwa na sababu njema ya kufunga mlango wa kazi. Hata hivyo, anayefunga mlango huo anadaiwa mlango mwingine, na deni hilo halifutwi na wema wa sababu yake.

Yatupasa kwanza kukumbuka jinsi Wafipa walivyokuwa watafuta kazi. Wazee wetu hawakuzaliwa vibarua. Walilima ulezi, waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizoitwa malungu, na kule bonde la Rukwa walifuma nguo za pamba. Bidhaa za viwanda vya ng'ambo zilipoingia, kazi hizo za mikono zilififia. Kisha ikaja kodi. Mwaka 1898 Wajerumani, ambao Kasanga waliiita Bismarckburg, walianza kutoza kodi ya kibanda katika koloni lao. Kodi ilipozidi kudaiwa kwa fedha taslimu, ilibidi fedha itafutwe. Nayo ilikuwa adimu Ufipa, kwa maana mavuno yetu yalikuwa mbali na reli na mbali na soko. Waingereza waliiteka Bismarckburg mwaka 1916. Baadaye makao ya wilaya yalihamishwa kutoka ziwani kwenda nyanda za juu, lakini kodi haikuhama. Hivyo wanaume wa Ufipa walishika njia: wengine kwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine kuvuka mpaka kwenda kwenye machimbo ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia.

Walioihitaji nguvu hiyo walifungua ofisi za kuichukua. Katika nyanda za juu za kusini, hasa Rungwe, iliingia WENELA, chama cha wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge wa Tanganyika kiliunda SILABU, yaani ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyowakusanya watu katika wilaya za mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Watu hao ndio walioitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba kuliko kuitwa kwa majina.

Hatuna nia ya kuzisifu ofisi hizo. Zilikuwa mali ya waajiri, zikiwatumikia waajiri. Wilaya kadhaa za magharibi na kusini ziliachwa bila mazao ya biashara wala njia nzuri za kusafirisha mazao, nazo zikawa ghala la nguvu za watu kwa ajili ya mashamba ya wengine. Mke alibaki na jembe, na kijiji kikabaki na wazee na watoto. Jambo hilo lilikuwa dhuluma, na Kanisa halina budi kuliita hivyo.

Hata hivyo, katika dhuluma hiyo palikuwa na mambo manne ambayo mtafuta kazi wa leo hana. Kwanza, palikuwa na mahali panapojulikana. Pili, mkataba uliandikwa na kuthibitishwa mbele ya ofisa wa serikali, ukitaja kazi na muda wake. Tatu, safari ya kwenda ilikuwa juu ya mwajiri, na mkataba ulipokwisha alipaswa kumrudisha mtu kwao. Nne, palikuwa na daftari. Mtu alipopotea, jina lake lilikuwa limeandikwa mahali fulani, na ndugu zake waliweza kuuliza. Hayo hayakutolewa kwa huruma; yalitolewa kwa sababu sheria ilidai, na kwa sababu mwajiri alihitaji watu. Lakini yalikuwapo.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, serikali ya Tanganyika ilikomesha uandikishaji wa WENELA. Haikustahili taifa huru kupeleka vijana wake wakazitajirishe serikali na kampuni za nchi ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima. Mwaka 1965 SILABU nayo ilifungwa. Hapo sababu ilikuwa nyingine: mishahara ya kima cha chini ilikuwa imepandishwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, wenye mashamba wakapunguza watu; bei ya mkonge ikaanguka katika soko la dunia; na wafanyakazi waliokwisha kuhamia karibu na mashamba walitosha. Mwajiri hakuhitaji tena kwenda kuwatafuta watu mbali.

Basi umanamba ukaisha, nasi twashukuru. Lakini yatupasa kuuliza kilichofuata. Ofisi ilifungwa, bali haja ya fedha haikufungwa. Mtu aliyetaka kazi ya mshahara alibaki kujilipia nauli, kwenda bila mkataba, kufika asikojulikana, na kurudi kwa uwezo wake mwenyewe, kama alirudi. Yale mambo manne yaliondoka pamoja na ubaya uliokuwa umeyazunguka. Hapakuwa na ofisi ya umma iliyojengwa Ufipa kuyachukua yaliyo mema na kuyaacha yaliyo maovu.

Miaka iliyofuata, mtu asiye na kazi alianza kutazamwa kwa jicho jingine. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mijini watu wasio na kazi inayotambuliwa walikamatwa na kurudishwa vijijini. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi, na shabaha hiyo si mbaya. Lakini mtafuta kazi alihesabiwa kuwa mzururaji. Aliyekuwa na haja ya kuelekezwa, alikamatwa.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Hadi wakati huo, kijana aliyehitimu chuo alipangiwa kazi na serikali. Utaratibu huo ulikoma wakati serikali ilipokuwa ikipunguza watumishi wake kwa maelfu na mashirika ya umma yakiuzwa au kufungwa. Hapo pia tulielezwa sababu, na baadhi yake zilikuwa za kweli: hazina haikuweza kubeba mzigo ule. Ila kijana wa mjini mkubwa aliweza kuzunguka na vyeti vyake ofisi hadi ofisi. Kijana wa Kasanga angezunguka wapi?

Serikali haikukaa kimya kabisa, na haki yatudai tuseme hivyo. Mwaka 1999 ilitungwa Sheria ya Huduma za Ajira, na mwaka 2008 ukaundwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, kwa kazi ya kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Kwa kazi za umma iliundwa Sekretarieti ya Ajira. Lakini ofisi za huduma hizi ziliwekwa katika miji mikubwa. Na siku hizi, kwa sehemu kubwa, hata mlango wa mjini umegeuka kuwa mtandao. Maombi hutumwa kwa kompyuta au simu janja. Anayeomba anadaiwa namba ya kitambulisho cha taifa, nakala za vyeti, anwani ya barua pepe, na bando la intaneti.

Hatuukatai mtandao. Umeziondoa bahasha zilizokuwa zikipotea mezani, na umempunguzia mtu wa mbali nauli ya kupeleka barua tu. Lakini mtandao ni mlango kwa mwenye ufunguo. Binti aliyemaliza kidato cha nne, asiye na simu yake mwenyewe, humlipa mwenye duka la stesheneri amjazie fomu. Mara nyingi hajui kilichoandikwa, wala hajui nywila yake, wala hapati habari anapoitwa. Naye aliyeishia darasa la saba hahusiki kabisa, kwa kuwa kazi zinazotangazwa humo si za kiwango chake. Hao wawili ndio wengi wetu.

Mahali ambapo hapana ofisi, hapakosi dalali. Mfa maji haachi kutapatapa, na dalali hulijua hilo. Anakuja kwa jina la shangazi, au mjomba, au rafiki wa jirani. Anasema kuna kazi ya ndani Dar es Salaam, au ya hoteli, au ya machimbo, au ya shamba ng'ambo ya mpaka. Anasema mshahara utajulikana huko huko. Nauli anaitoa yeye, na nauli hiyo inageuka deni ambalo binti atalifanyia kazi miezi kadhaa kabla hajaona senti. Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Simu ya mwenye nyumba hamtolei mzazi. Tukilinganisha na yale mambo manne tuliyoyataja, tutaona kwamba dalali wa leo amebaki na ubaya wote wa mwandikishaji wa kale, akayatupa yale manne.

Sheria za nchi hazimwungi mkono. Sheria ile ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Tena inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 inamhesabu kuwa mhalifu yule anayemchukua mtu kwa udanganyifu ili amnyonye. Sheria zipo, lakini sheria isiyo na mahali pa kwenda kuiulizia ni kama kengele bila ulimi wake.

Tuje sasa nyumbani ziwani. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani tunazoshirikiana nazo ziwa hili. Shabaha ilikuwa kuwaacha samaki wazaliane, kwa sababu dagaa na migebuka wamepungua. Sisi hatulipingi hilo. Ziwa ni zawadi ya Mungu kwa vizazi vyote, na anayekula mbegu yote hatavuna kesho. Sababu ilikuwa njema.

Lakini ni nani aliyefungiwa mlango? Mwenye chombo na nyavu ana mali, aweza kungoja. Kibarua wa chombo hana mshahara. Hulipwa sehemu ya pato baada ya mafuta na gharama nyingine kutolewa, na pasipo pato hapana sehemu. Mama anayeanika dagaa hana dagaa wa kuanika. Kuli anayebeba magunia mwaloni hana gunia. Watu hao wote waliingia katika miezi mitatu bila kazi, nao hawana mikataba ya kuonyesha kwamba walikuwa na kazi. Hata sheria ya mwaka 2004 inampita mtu wa namna hiyo: wajibu wa mwajiri kutoa maelezo kwa maandishi haumhusu mfanyakazi anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi, na kibarua hubadilisha waajiri kila kukicha. Yeye hana jina katika daftari lolote. Asiyeandikwa hawezi kusaidiwa hata na serikali yenye nia njema, kwa kuwa serikali haimjui.

Hapa ndipo ofisi ya ajira inapoonyesha faida yake, hata iwe meza moja na mtu mmoja. Kama vibarua wa ziwa wangekuwa wameandikwa, ingewezekana kuwajulisha mapema, kuwaelekeza kwenye kazi za barabara na za mashamba ya nyanda za juu kwa msimu ule, na kuwatanguliza wakati kazi za bandari yetu zinapopatikana. Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga imekwisha kujengwa, na bandari imepanuliwa ili shehena ya kwenda Kongo ipite hapa. Mzigo unapita. Swali ni kama kijana wa hapa anajulikana na mtu yeyote anapohitajika mtu wa kuupakia, au kama atategemea tu kupendwa na mnyapara asubuhi ile.

Kanisa linasema nini? Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana wetu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka mara tano kwa siku kwenda sokoni kutafuta watu. Jioni aliwakuta wengine wangali wamesimama. Hakuwaita wazururaji. Aliwauliza kisa chao, nao wakamweleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Aliamini neno lao, akawapeleka shambani. Tuangalie jambo moja: watu wale walikuwa na mahali pa kusimama ambapo mwenye kazi aliweza kuwaona. Soko lile lilikuwa ofisi yao ya ajira. Kama lingefungwa, mwenye shamba mwema angewakuta wapi?

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mbali na mwajiri anayelipa mshahara, yupo mwajiri mwingine asiyeonekana moja kwa moja: serikali, taasisi na taratibu zote zinazoamua kama kazi itapatikana na kwa masharti gani. Huyo naye anawajibika, na wajibu wake unagusa hasa watu wasio na kazi. Huku duniani nako, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1948 mkataba unaozitaka nchi zinazouridhia kuwa na huduma ya ajira ya umma isiyotozwa malipo. Na mwaka 1997 likapitisha mwingine unaowakataza mawakala binafsi kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa kwa hali chache za pekee. Fundisho ni lile lile: mtu asinunue nafasi ya kutoka jasho.

Wapo watakaojibu kwamba ofisi haizalishi kazi. Kama kazi hazipo, daftari litajaa majina bure. Jibu hilo lina ukweli, nasi hatuwezi kuwaahidi vijana kwamba meza na daftari vitawalisha. Lakini ofisi ya ajira ina kazi mbili. Moja ni kumpatia mtu kazi. Ya pili ni kumlinda anapoitafuta. Hata mwaka ambao kazi ni chache, hiyo ya pili inahitajika, tena huhitajika zaidi, kwa sababu uhaba wa kazi ndio sokoni mwa dalali. Wengine watasema gharama ni kubwa. Nasi twauliza: gharama ya binti aliyepotea hulipwa na nani?

Kwa hiyo twatoa maombi yetu. Kwa serikali na halmashauri yetu ya Kalambo tunaomba mambo mawili. La kwanza, siku moja ya juma katika ofisi ya kata iwe siku ya ajira, pawepo mtumishi mwenye kompyuta ya umma, awaandikishe watafuta kazi bila malipo, na awasomee matangazo kwa lugha wanayoielewa. La pili, kila uvuvi utakaposimamishwa, vibarua waandikwe kabla, si wenye vyombo peke yao, na kazi za muda za halmashauri zipangwe kwa miezi ile ile.

Kwetu sisi wenyewe, tusingoje. VIWAWA maana yake ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Chama hicho kina asili yake katika kazi ya Padre Joseph Cardijn aliyewakusanya vijana wafanyakazi wa Ubelgiji na kuwafundisha kutazama, kuamua na kutenda. Basi VIWAWA wa kila kigango washike daftari la vijana wanaoondoka: jina, kazi aliyoahidiwa, jina na makazi ya mwajiri, na aliyemchukua. WAWATA, ambao ni mama zetu, waijue kila nyumba inayotaka kumtoa binti. Na parokia zinaweza kuandikiana: kijana akitoka Kasanga kwenda Mbeya au Dar es Salaam, parokia ya huko ipelekewe habari, Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa ule imtembelee.

Kwa wazazi twasema hivi. Kabla mtoto hajapanda gari, mwulizeni anayemchukua maswali matano: Mwajiri ni nani, anaishi wapi? Kazi ni ipi, na mshahara ni kiasi gani? Yako wapi maandishi yake? Nauli ya kurudi ni ya nani? Namba gani ya simu itamfikia mtoto mwenyewe? Na jibu lolote litakalotolewa, liandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa Jumuiya. Dalali mwenye nia safi hatakasirika. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu la sita.

Milango ya kazi itaendelea kufungwa katika nchi yetu, mingine kwa sababu njema na mingine kwa sababu mbaya. Hatuna uwezo wa kuizuia yote. Tunachoweza ni kudai, kwa adabu na bila kuchoka, kwamba kila afungaye aonyeshe mlango wa pili. Na wakati bado haujafunguliwa, jina la kila kijana wetu liwe limeandikwa mahali ambapo kuna mtu wa kulisoma.